Meli Isiyo na Mashine

Tarehe 6 Februari

Kiberiti wangu,

Marahaba. Naipokea kabla hujaitoa, maana posta ya huko kwenu inatembea kwa magoti, na mimi si mtu wa kusubiri kuamkiwa siku hizi.

Sisi hapa tuko, kila mtu kwa kadiri yake. Kaka yako, huyu niliyemzaa, amepanda cheo na sasa anavaa tai hata Jumamosi, sijui anamvalia nani. Wajukuu wote wawili wameng'oka meno ya mbele na wanazungumza kama wazee wenzangu. Mkwe wangu ameamua kwamba chumvi ni adui wa nyumba nzima, hata wa wale wenye figo zao salama, kwa hiyo tunakula pamoja kama wafungwa wa jela moja.

Mimi naendelea na hospitali, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nakaa kwenye kiti, damu inatoka kwa mpira mmoja, inapita kwenye mashine kusafishwa, inarudi kwa mpira mwingine. Kiti cha jirani yupo mzee tunayemwita Diwani, kwa sababu aliwahi kugombea udiwani akashindwa, na bado anatuhutubia. Juzi alimwambia muuguzi, "Sista, leo unisafishie na dhambi." Sista akamjibu bila kugeuka, "Baba, mashine yenyewe ndogo hii." Tulicheka mpaka mashine yangu ikapiga kengele.

Sasa jambo lenyewe. Nataka twende baharini, ukoo wetu mdogo huu, kwa meli ya kitalii, tuvizungukie vile visiwa vya joto. Twende kiangazi, bahari ikiwa imelala. Kaka yako alikubali kabla sijamaliza sentensi. Wewe ndiye mwenye kichwa cha kupanga. Kuna meli mbili zinazokwenda huko, kubwa na ndogo. Mimi naitaka ndogo.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Masikio yangu yamegoma, na simu kaka yako huiweka sauti kubwa sebuleni, kila anayepita anakuwa mshauri. Andika.

Shangazi yako


Tarehe 27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu, nadhani wa posta. Mimi mzima. Kiwandani tumeanza kalenda za mwakani, na kila mteja anataka picha ya ufukwe. Nashinda nimezungukwa na bahari ya karatasi, wino wa bluu mpaka kwenye nyusi. Msimamizi ananiuliza, "Wewe mama, hiyo bluu umeipaka au umezaliwa nayo?" Namwambia nimezaliwa nayo, aniache.

Safari naitaka. Sijakwenda popote tangu nimzike baba, na wewe unajua. Hata nikiwaza tu jinsi Kaka atakavyovaa tai kwenye meli nacheka peke yangu.

Ila nina swali moja. Safari ni ya siku kumi. Damu yako itasafishwa wapi?

Wasalimie wasio na meno.

Kiberiti wako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Nimepokea salamu na nimezigawa. Hapa joto limepungua. Mkwe anasema bahari humtapisha hata akiiona kwenye televisheni, kwa hiyo yeye atabaki nyumbani kulinda kuku ambao hatunao. Kaka yako, usimwambie nimekwambia, amejiandikisha kujifunza kuogelea. Anajifunza na watoto wa chekechea. Mwalimu amempa boya lenye picha ya bata. Anarudi nyumbani macho mekundu, anasema ni dawa ya bwawa.

Kuhusu mashine, niachie mimi. Nimekaa dirisha la dawa maisha yangu yote ya kazi. Sitasahau dawa yangu mwenyewe.

Vyumba navitaka hivi: watoto na baba yao sitaha ya juu, upande wa mbele. Wewe karibu nao. Mimi peke yangu, sitaha ya chini, karibu na mlango. Wazee tunaamka hovyo, sitaki kuwasumbua.

Diwani hakuja Ijumaa. Wamesema ana mafua.

Shangazi yako


Tarehe 15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Diwani amerudi na hotuba mpya. Mimi nimejikata kidole kwenye mashine ya kukata karatasi, kidogo tu, ndiyo maana mwandiko umelala ubavu.

Nimezisoma karatasi za meli zote mbili. Ile kubwa ina daktari, wauguzi, na chumba chenye mashine kama yako hasa. Inakwenda visiwa vilevile, wiki ileile. Ile ndogo ina sanduku la huduma ya kwanza na, nanukuu, "wafanyakazi wachangamfu."

Ulikuwa na desturi, Shangazi. Nilipokuwa mdogo nilikaa nyuma ya dirisha lako la dawa nikimaliza kazi za shule, na hukumruhusu mgonjwa hata mmoja aondoke kabla hajarudia ulichomwambia. "Vidonge hivi unameza lini? Nirudie." Mtu mzima na ndevu zake anarudia kama mtoto. Sasa na mimi nakuomba unirudie. Jumatatu ya kwanza baharini, damu yako itasafishwa wapi, na nani?

Kiberiti


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Pole ya kidole. Kifunge kikiwa kikavu, na usikilambe, najua unalamba.

Watoto wameanza kuota meno. Kaka yako sasa anaelea, ila kwa mgongo tu; akigeuka anazama. Mkwe mzima.

Meli kubwa ina kelele. Nimesikia wana muziki mpaka kwenye ngazi. Watu elfu wanapanga foleni ya mayai. Sipendi foleni, nimezihudumia vya kutosha.

Diwani amefariki. Mwanawe wa kwanza na wa pili walikuwa nje ya hospitali wanagombana nani alitakiwa kumleta siku ile, na yeye yuko ndani ya gari, kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Sista ndiye aliyemkuta. Jumatatu nilipofika, kwenye kiti chake alikaa kijana mgeni, anauliza jinsi ya kuinua sehemu ya kichwa.  Nikamwonyesha mimi. Kuna kitufe pembeni.

Kata tiketi za meli ndogo. Nafasi zinaisha.

Shangazi yako


Tarehe 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani kwangu leo, na za kwako nitaziuliza mwishoni.

Niliwapigia simu kampuni ya ile meli ndogo. Nilitaka kujua tu kama umepanga nao chochote. Alipokea dada mmoja mwenye sauti ya kutabasamu. Nikamtajia ukoo wetu na tarehe zetu. Akasema, "Aaah, nyinyi ndio wa yule bibi! Amenipigia mara mbili, mcheshi kweli!" Nikamwuliza bibi alitaka nini. Akasita. Akasema, "Aliuliza mambo mengi, unajua wazee. Aliuliza sitaha ya chini ina ngazi ngapi. Aliuliza kama tuna chumba cha baridi." Nikasema, cha samaki? Akasema, "Hapana dada. Cha... ikitokea bahati mbaya kwa abiria." Nikamwuliza kama ulitaja mashine yoyote. Akasema, "Mashine gani?"

Nilisimama na simu mkononi, mitambo inatema fukwe nyuma yangu, karatasi moja juu ya nyingine.

Umejisaliti kwa uangalifu wako, Shangazi. Mtu mwingine angepanda meli akanyamaza. Wewe ilibidi uulize na hilo.

Sijamwambia Kaka. Niambie wewe mwenyewe, na uniambie kwa mkono wako, si wa mjukuu.

Mnaendeleaje hapo nyumbani?

Mimi


Tarehe 4 Juni

Mwanangu,

Nyumbani wazima. Meno yameota. Nianze.

Nimechoka. Sisemi kuchoka kwa siku mbaya, kwamba mtu akilala ataamka nafuu. Nikitoka kwenye kiti Jumatatu, Jumanne ndiyo ninaanza kuwa mtu, na Jumatano narudi. Mkono wangu umejaa vinundu kama mhogo. Nakunywa maji kwa kifuniko cha chupa, ndicho kipimo ninachoruhusiwa. Daktari nilimwuliza wazi, kama mtu wa fani, nikisimamisha mashine itakuwaje. Akaniambia kama mtu wa fani: wiki moja, pengine zaidi kidogo; usingizi unazidi, kisha unabaki usingizi. Maumivu yana dawa, na dawa hizo nazijua kuliko yeye. Akasema ni haki yangu, ila niongee na familia.

Hapo ndipo nilipokwama. Kuongea na familia maana yake ni kuongea na kaka yako. Wewe unamjua. Mwaka jana nilipogoma siku moja tu, siku moja, alininyanyua na shuka zangu akanitia kwenye gari. Njia nzima alikuwa analia na kupiga honi. Sikuweza kumkasirikia. Mtu anayekubeba huku analia, utamfanyaje?

Nikawaza, wapi hataweza kuninyanyua? Mwanangu, ndiyo siri ya visiwa. Baharini hakuna gari. Nahodha hageuzi meli kwa sababu ya bibi anayesinzia. Nikachagua ndogo kwa sababu kubwa ina ile mashine, na kaka yako angeiona siku ya kwanza, angenibeba mpaka huko. Nikachagua kiangazi ili bahari isiwasumbue watoto, wacheze juu mchana kutwa, mimi niko chini nalala kidogo zaidi kila siku, na jioni mnashuka kunisalimia mkiwa na chumvi kichwani. Niliiona picha hiyo nzuri sana. Nilitaka niwe nanyi nyote, na nisiulizwe chochote.

Chumba cha baridi niliuliza kwa ajili yenu, msije mkahangaika.

Nakiri haya kwako kwa sababu umeuliza na kwa sababu sina muda wa kutunga uongo mwingine. Siombi ruhusa. Naomba ukate tiketi.

Shangazi yako


Tarehe 24 Juni

Kiberiti,

Umenyamaza. Nilifikiri barua imepotea, kisha nikafikiri haijapotea.

Wazima hapa.

Shangazi


Tarehe 25 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe nne ilinikuta mlangoni. Nimeiandikia majibu mengi, na yote nimeyatia kwenye pipa la mabaki ya karatasi kiwandani. Hili ndilo lililobaki.

Nina hasira na wewe. Umewaona wajukuu wanashuka na chumvi kichwani. Hukuwaona asubuhi ya mwisho, wanagonga mlango. Hukumwona Kaka anatafuta nahodha, anatafuta mtu wa kumpigia honi. Hukuniona mimi. Mimi ndiye uliyenipangia niwe karibu nao, sitaha ya juu, niwanyamazishe. Umetupangia vyumba vizuri kweli. Umesahau kwamba meli hiyo, Shangazi, ingekuwa mlango uliofungwa kwa nje, na sisi ndio tuko ndani.

Baba alipokuwa anaumwa waliniambia anaendelea vizuri. Kila nikipiga simu, anaendelea vizuri. Nikafika na nguo za wiki moja za kumtembelea, nikakuta viti vimepangwa uani. Mpaka leo mtu akiniambia "anaendelea vizuri" natafuta viti kwa macho. Unataka kuwafanyia hivyo watoto waliong'oka meno juzi?

Nimesema hivyo. Sasa na hili. Sikupingi. Nimelala na neno hilo usiku mwingi kabla ya kuliandika. Umechoka, na mkono ni wako, na damu ni yako. Kama umeamua, umeamua. Lakini utaamulia nyumbani kwako, kitandani kwako, sote tukijua, na utamwambia Kaka kwa mdomo wako. Akikunyanyua, nitasimama mlangoni mimi. Naapa nitasimama.

Tiketi ya meli ndogo kwa jina lako sikati.

Kiberiti


Tarehe 16 Julai

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na hasira zako pia, zimefika salama. Nimezisoma nikiwa kwenye kiti. Sista akaniuliza, "Mama, presha imepanda, unasoma nini?" Nikamwambia, mtu ananipenda vibaya.

Nimemwambia kaka yako. Nilimwambia Jumapili, akitoka kuogelea, taulo shingoni. Alisimama pale jikoni anadondosha maji sakafuni. Akasema, "Kwa hiyo bata wote hawa nilikuwa nabeba kwa ajili ya nini?" Kisha akakaa chini, juu ya maji yale, na tai ya kesho yake imening'inia juu ya mlango. Mkwe akatoka na watoto bila kuambiwa.

Siku nne hakuniongelesha. Akinipitia ananiamkia, "Shikamoo Mama," kama karani anamwamkia mkurugenzi, anapita. Siku ya tano, Ijumaa, hakwenda kazini. Akaja nami hospitali, akaingia mpaka ndani. Miaka yote huwa ananishusha getini. Akaleta stuli akakaa. Akamwuliza sista mpira huu unapeleka wapi na ule unatoa wapi. Walipochoma sindano ya pili akageuza uso. Nilipoanza kutetemeka kwa baridi, maana damu ikirudi huja imepoa, akauliza, "Ni kila mara hivi?" Nikasema kila mara. Akasema, "Hukuwahi kusema." Nikasema, ulikuwa unanisubiri getini umefurahi kwamba nimepona.

Hakuondoka kwenye stuli mpaka kengele ya kumaliza. Kisha akaniuliza, sauti ndogo ya utotoni, "Ukiacha, inauma?" Nikamweleza dawa moja moja. Sikumwambia arudie.

Akasema safari basi. Nikasema hapana. Watoto wameshachora meli kila ukuta wa nyumba, na yeye ameshajua kuelea. Mwende. Mwende na ile kubwa yenye kelele, mkapange foleni ya mayai. Mkwe atabaki nami. Mimi nitaendelea na kiti mpaka mrudi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kukosa. Hilo nimemwahidi mbele ya sista. Mkisharudi nitasema neno langu, na nyote mtakuwepo kulisikia.

Alilia tena. Lakini safari hii alikuwa amekaa, na mimi pia nimekaa.

Nilidhani nikishakiri nitakuwa mwepesi. Sivyo. Naogopa, mwanangu. Kwenye ile meli yangu ya kichwani sikuwa naogopa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama. Sasa mnanitazama nyote. Sijui kama ni heri hivi au vile. Nakuandikia tu ujue.

Kata tiketi. Mimi usinihesabu.

Shangazi yako


Tarehe 9 Agosti, baharini

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii siipeleki posta. Nitakupa mkononi, na nitakaa hapo wakati unaisoma, maana nikianza kuyasema haya nitalia, na wewe utaanza kunibembeleza wakati zamu si yako.

Habari za huku. Bahari imelala kama ulivyosema. Kuna kelele kama ulivyosema. Watoto wameungua na jua puani. Kwenye kisiwa cha pili Kaka aliingia majini mpaka kifuani, akalala chali, akaelea. Watoto wakampigia makofi. Alibaki hivyo muda mrefu, masikio ndani ya maji, nikajua kwa nini anapapenda hapo. Alipotoka alisema, "Leo Ijumaa. Saa hizi anatetemeka." Tukakaa mchangani na taulo zetu mpaka tulipodhani umemaliza.

Visiwa ni vizuri. Siwezi kukudanganya kwamba ni vibaya. Vinafanana na kalenda zangu, na ndiyo shida, kila nikitazama naona kazi. Nilifikiri nitakutana na hasira yangu huku, lakini nimeiacha sijui wapi. Kilichobaki ni kwamba sitaki. Nilikuandikia kwamba sikupingi, na ni kweli, lakini sitaki, na hili pia ni kweli, na sijui mtu anayaweka wapi mambo mawili kama haya. Nilishuka sitaha ya chini kabisa, karibu na mlango, nikasimama mbele ya chumba kama kile ulichokuwa umekitaka. Kuna mzee mmoja na mkewe wamekaa humo. Walikuwa wanagombana kuhusu soksi.

Tunashuka Jumapili. Kaka amesema atakwenda moja kwa moja kwako, hata nguo hatabadilisha. Mimi nitalala kwenye kochi lako.

Jumatatu asubuhi gari la hospitali litasimama nje kama lilivyofanya siku zote hizi Kaka akiwa huku. Nitakuwa nimeamka. Ukisema twende, nitakushika mkono mpaka kwenye kiti, na nitakaa kwenye stuli. Ukisema tubaki, hutahitaji kusema mara mbili. Nitatoka mimi mwenyewe, nitamsalimia dereva, nitamwambia aende zake.

Mwanao